Mwaka Tuliopokezana Jina

Mwezi uliopita tulimzika Adikin kijijini kwake Mwello, na wakati wa kusoma historia ya marehemu, binti yake mkubwa Awor alisoma maneno yaliyonifanya nishike kiti. Alisoma kwa Kidhopadhola, kisha akatufasiria kwa Kiswahili sisi tuliotoka Busia, kwamba ule mwaka mama yao alipokatwa vidole kiwandani, "rafiki yake Taaka alikuja nyumbani siku hiyo hiyo kutujulisha, Mungu ambariki." Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu akanigusa bega kwa upole. Taaka ni mimi. Na jambo lile halikuwa hivyo hata kidogo. Niliinamisha kichwa kama mtu anayeona haya kusifiwa, kumbe ni woga. Nina wajukuu sasa, nimezika mume, nimezika ndugu, nilidhani woga wa mwaka ule ulishaniacha. Wapi! Ulikuwa umekaa tu pembeni unanisubiri. Basi acha niseme ilivyokuwa, maana aliyekuwa na haki ya kuniumbua amekwenda, na mimi sitaki kuzikwa na sifa ambayo si yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Siku ya kuandikwa kazi tulijazana wanawake wengi kwenye geti la kiwanda kimoja cha kukoboa mchele, nje kidogo ya mji wa Tororo. Nafasi zilijazwa mpaka ikabaki moja, na sisi tukabaki wawili ambao hatukutaka kuondoka: mimi, na mwanamke mwembamba wa kimo changu aliyekuwa ameketi juu ya jiwe anakula muhogo mbichi bila wasiwasi wowote. Huyo ndiye Adikin. Nyapara alituambia tuamue wenyewe, yeye anataka jina moja. Adikin akanivuta kando. "Wewe uko na watoto?" Nikamwambia wawili, na mdogo ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu, kila mara ni hospitali. "Mimi niko na tatu," akasema, "na bwana anakata miwa mbali, na nyanya yao haoni. Sasa sikiliza. Jina iandikwe yako. Wiki moja unaingia wewe, wiki moja naingia mimi. Nani atajua?" Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Hakuwa anacheka. Kadi ilikuwa ya karatasi ngumu, haina picha, namba na jina tu. Jioni ile nilirudi Busia na kadi ya jina langu, nikijua nusu ya jina hilo imeshakuwa ya mtu mwingine.

Wanaosikia leo watasema tulikuwa wendawazimu. Lakini mkataba wenyewe ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, ukikosa siku moja jina linafutwa, na ruhusa ya mtoto mgonjwa haikuwepo. Mimi nilikaa Sofia, upande wa Uganda wa Busia, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: huku kitanda chetu, kule mkeka wa watoto na mama mkwe wangu, ambaye alikuja kunisaidia kulea kwa sababu mwanawe alikuwa tanboi, utingo wa malori, na nyumbani alionekana kama mgeni. Wiki yangu ya zamu niliamka majogoo, nikatembea hadi barabarani, nikadandia pikapu ya samaki iliyotoka Majanji kwenda Tororo. Nilikaa juu ya magunia ya mukene, dagaa wa ziwani, turubai begani, nikishuka nanuka kiasi kwamba wenzangu waliniita Mama Ziwa. Jioni nilirudi na harufu ile ile. Wandera wangu, miaka mitatu, alikuwa ananijua kwa harufu kabla sijavuta pazia. "Samaki amekuja," anasema, na mimi napiga magoti kumpapasa vidole vya mikono na miguu, kwa sababu maumivu yake yalianzia huko, yanavimba kwanza vidoleni ndipo yanapanda. Kabla sijavua viatu, kabla sijala, nilipapasa vidole. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu.

Wiki isiyo yangu nilikaa nyumbani, na mama mkwe nilimwambia ndivyo shifti ilivyo. Alikubali. Kilichonitesa ni kwamba hata nikiwa nyumbani sikuwa nyumbani, maana kwa hesabu ya kiwanda Taaka yuko kazini anashona magunia. Nikienda sokoni nilijifunika kitenge. Nikiona gari la kiwanda nilijificha nyuma ya vibanda. Dirisha letu lilitazama duka la Baba Faridi, mfanyabiashara wa sukari na sabuni, mtu mwema wa swala tano, ambaye namba yake ya simu ndiyo niliyoandika kwenye fomu ya kiwanda, wampigie nikipatwa na jambo. Alikuwa na tabia ya kuniamkia kwa sauti kubwa: "Mama Wandera, leo hukwenda?" Najibu haraka: "Leo mapumziko, Baba Faridi!" Mapumziko gani yale, jamani, mtu anapumzika anatoka jasho.

Kiwandani kwenyewe vumbi la pumba ndilo lililotuficha. Lilijaa hewani mpaka taa zikawa njano, na kila mwanamke alijifunga uso akabaki macho. Nyapara alituita kwa namba. Mwezi wa tano hivi nilikuwa nimeketi nyuma ya rundo la magunia, nakula kalo baridi, ugali wa wimbi, na mukene, nikasikia nyapara akizungumza na wakala mmoja anayevitafutia viwanda vibarua. Alisema kuna kiwanda fulani walimkuta mtu na kadi ya mwenzake. "Tuliwafunga wote wawili," wakala akajibu, "mwenye jina na asiye na jina. Huo ni wizi." Nyapara akacheka, akasema hapa kwake hakuna mambo hayo, watu wake anawajua hata kwa migongo. Nilikaa pale nyuma mpaka walipoondoka, na tangu siku hiyo nilianza kutembea kiwandani nimeinama kidogo, kwa sababu Adikin alikuwa na tabia ya kuinama. Naye, nilikuja kujua, alikuwa ameanza kujinyoosha ili afanane na mimi.

Tulikutana Ijumaa jioni kupeana kadi, kwenye banda la mama mmoja aliyeuza chai na kabalagala, maandazi ya ndizi, njiani. Adikin alikunywa chai kwa kelele, akanisimulia yote ya wiki: nani amefukuzwa, nani ana mimba, mkanda wa mashine ya tatu umelegea na fundi anaufunga kwa kamba. Mimi namuuliza kwa kunong'ona kama kuna mtu ameshuku. "Wewe unaogopa mpaka kivuli," ananiambia. "Mimi nikifa kule ndani watakuzika wewe, basi, utapumzika." Anacheka mpaka anafuta machozi. Nilimkataza asiseme hivyo, nikagonga meza, nikakasirika kweli. Nilimpenda yule mwanamke na aliniudhi sana.

Ikafika siku yenyewe, Jumatano, wiki yangu. Mama mkwe alikuwa amelala kwa dada yake, Nekesa wangu mkubwa anajiandaa kwenda shule. Nilipopapasa vidole vya Wandera alipiga yowe. Mikono imevimba, macho manjano, mwili moto. Nikatoka nje na simu kuukuu ya mume wangu, nikampigia shemeji yake Adikin, akamwita. "Mwenzangu, nisaidie leo. Mtoto." Nikasikia kuku, kisha sauti yake: "Leo si siku yangu. Niko na mahindi ya kupalilia." Nililia tu kwenye simu. "Haya, nyamaza," akasema. "Mimi nakwenda. Kadi nitasema nimesahau, namba nitataja kwa mdomo. Wewe kaa na mtoto yako." Nikamfunga Wandera mgongoni, nikajitanda kitenge mpaka usoni, nikapita uchochoro wa nyuma ili Baba Faridi asinione, nikapanda boda kwenda hospitali ya Masafu. Sikumwambia jirani, sikumwachia mtu salamu. Aliyeko kazini hawezi kuwa hospitali. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yetu ya mwaka mzima, na siku hiyo nilifanya vile vile nilivyozoea. Simu ikaisha chaji kabla ya saa nne.

Wandera alitundikiwa maji, akapewa dawa, ikafika alasiri akaomba chai. Nilishukuru Mungu kwa sauti hadi muuguzi akanicheka. Jua lilikuwa bado juu tuliposhuka Sofia. Nikiwa uchochoroni nikasikia kilio, kilio cha msiba kabisa, na kinatoka kwetu. Niliwaza Nekesa. Niliwaza mume wangu chini ya lori. Nikaanza kukimbia na mtoto mgongoni, na nikikimbia nikasikia jina linalotajwa. "Taaka wee! Taaka, umetuachia nani!" Aliyekuwa anapaza sauti kuliko wote ni jirani yangu ambaye hatukuwa tumesemeshana tangu tugombanie kamba ya kuanikia nguo. Anagaagaa chini, ananisifu upole. Nilisimama. Mtu mmoja akaniona, akaangusha jerikani la maji, akapiga kelele "Yesu!" na watu wakatawanyika kila upande, wengine wameacha viatu.

Mama mkwe peke yake hakukimbia. Aliinuka kutoka kwenye mkeka, amejifunga kanga kiunoni, akanyoosha mkono. "Simama hapo hapo!" Kwao, mtu aliyekwisha kuliliwa haingii kwa mlango aliotokea, mpaka achinjiwe kuku, na akiingia aingie kwa njia nyingine. Sasa nyumba ya kupanga, chumba kimoja, mlango mmoja. Wakashauriana. Basi nikapitishwa dirishani, mimi mama wa watoto wawili, wanawake wananisukuma makalio na wengine ndani wananivuta mikono, na gauni langu likachanika. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, na mimi nikacheka nao, na kicheko kikakatika, kwa sababu hapo ndipo akili ilinirudia. Mama mkwe alikuwa ameshauliza: "Sasa kama wewe uko hapa, aliyekatwa na mashine ni nani?"

"Watakuwa wamechanganya majina, Mama," nikasema.

Baba Faridi alikuwa amesimama nje ya dirisha na simu mkononi. Ndiye aliyepigiwa. Akaeleza kwamba nyapara alisema Taaka ameumia vibaya mkono, amekimbizwa hospitali ya Tororo. Hakusema amekufa, hilo watu wameongeza wenyewe. "Ngoja niwapigie niwaambie uko salama," akasema. Nikamshika mkono kupitia dirishani, jambo ambalo mwanamke wa heshima hamfanyii mtu kama yule. "Baba Faridi, nakuomba. Usipige." Akaishusha simu. "Kuna mtu kule anaumwa kwa jina lako, Mama Wandera?" Nikamwachia mkono. Akaitia simu mfukoni mwa kanzu, akaondoka bila kuniaga. Kuku alichinjwa, nikapewa firigisi kama mzee wa kiume, wakasali kumshukuru Mungu kwamba ni mimi niliye hai. Kila waliposema amina mimi nilikuwa naona mkono wa Adikin.

Kesho yake sikuweza kwenda kazini, kwa sababu kwa hesabu ya kiwanda nilikuwa nimelazwa. Sikuweza kwenda hospitali, kwa sababu wanawake wa kiwandani wangekuwa wanakuja kumwona Taaka, na wangewakuta wawili. Wangetufunga sote. Wandera angekaa na nani? Lakini watoto wa Adikin walikuwa wamelala peke yao na nyanya asiyeona, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua mama yao yuko wapi. Mimi tu. Nikaenda Mwello. Naapa nilikwenda kuwaambia. Nikakuta Awor, miaka tisa, anapepeta mtama uani, mdogo wao amefungwa mgongoni mwake kwa shuka ya mama. Alinijua, akapiga magoti kunisalimu. "Mama hajarudi," akasema. "Kule kazini umemwona?" Nikafungua mdomo. Mbele ya nyumba ya pili shemeji yake Adikin alikuwa anatengeneza baiskeli, na nikawaza: nikimwambia mtoto, ataambiwa huyu, huyu atakwenda hospitali kuuliza Adikin, wataambiwa hapa hakuna Adikin, kuna Taaka, na yote yatafumuka. "Amebaki kazini," nikasema. "Kuna mchele mwingi. Atarudi." Awor aliniangalia usoni. Mimi nikageuka, nikaondoka, na nilipofika barabarani nilikuwa natembea mbio mbio.

Siku iliyofuata sikutoka chumbani. Nilimwambia mama mkwe nina malaria. Kila pikipiki iliyosimama nje nilisema ni polisi. Nilipapasa vidole vya Wandera mpaka akachoka na mimi, akasema, "Mama, wacha." Nilimwogopa Baba Faridi, nilimwogopa nyapara, na zaidi ya wote nilimwogopa yule mtoto wa Mwello na macho yake. Leo nikijiuliza nilikuwa nawaza nini siku ile nzima, jibu ni kwamba nilikuwa nasali Adikin apone haraka, arudi kwake kwa miguu yake, ili mimi nisilazimike kusema neno.

Jumamosi nilikwenda hospitali, nimejifunika. Wodi ilikuwa na harufu ya dawa na ya uji. Adikin alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mkono wa kulia umefungwa mkubwa kama boga, vidole vitatu havipo. Mkanda wa mashine ya tatu. Kwenye karatasi ya kitanda limeandikwa jina langu, na muuguzi akapita anamwita hivyo, "Taaka, umemeza dawa?" naye akaitika. Alikuwa amekonda kwa siku tatu. Hakunilaumu kwamba ile ilikuwa zamu yangu. Alinivuta kwa mkono mzima mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake.

"Watoto yangu wanajua?"

"Wanajua," nikasema.

"Uliwaambia lini?"

"Siku hiyo hiyo."

Akafumba macho, na machozi yakatoka yakaenda masikioni. "Asante, dada. Hiyo tu ndiyo ilikuwa inaniua. Vidole si kitu."

Nilitoka wodini natembea, nikafika geti nakimbia. Nilichukua boda mpaka Mwello, niwahi kuwaambia watoto kabla mtu yeyote wa kwao hajamfikia Adikin, ili uongo wangu uwe kweli. Nikakuta boma limejaa majirani. Nyanya ameketi chini anaimba maombolezo, kwa sababu Awor alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba siku mbili akiuliza mama yake, na watu walikuwa wameanza kupekua vichaka vya kando ya barabara. Nikawaambia yote kwa pumzi moja: mashine, mkono, hospitali, jina. Wanaume wakadakia, wengine wakanitukana, shemeji yake akashika baiskeli akaenda. Awor alimfungua mdogo wake mgongoni, akamweka chini, akaingia ndani.

Hakuna aliyetufunga. Adikin alitoka hospitali baada ya wiki tatu akiwa bado Taaka, na barua ya kusitisha mkataba ikaandikwa kwa jina langu, kwamba sifai tena kazi ya mikono. Niliipokea kwa mikono yangu yote miwili mizima. Tangu hapo sijafanya kazi ya mkataba. Nilifungua meza ya vitenge pale mpakani, nikalea watoto nikiwa nawaona. Wandera amekua, ndiye aliyeniendesha kwenda mazishini. Adikin alijifunza kukanda kabalagala kwa mkono wa kushoto. Tulitembeleana Krismasi zote, tulicheka sana, na hata siku moja hakunigusia zile siku tatu. Nilijiambia hajui. Kwa miaka yote hiyo niliishi kwa kujiambia hajui, na kila Awor alipoleta chai sebuleni nilianza kuongea haraka haraka.

Baada ya mazishi nilimsubiri Awor nyuma ya nyumba, walipokuwa wanaosha masufuria. Nikamwambia karatasi aliyoisoma ina kosa. Akajifuta mikono. "Mama alijua," akasema. "Nilimwambia mimi, ile siku aliporudi. Akaniambia hiyo maneno isisemwe tena kwa boma hii. Na juzi alipokuwa ananiandikisha hii karatasi, nilifika hapo nikaacha kalamu. Nikasema, Mama, si hivyo. Akasema, andika."

Watu walikuwa wanaongea upande wa pili, sahani zinagongana. Awor alisogea karibu, mwanamke mzima sasa, mwalimu, ana kimo cha mama yake.

"Yeye alinyamaza, basi," akasema. "Lakini mimi nimekuwa nataka kuuliza. Ulikuja. Uliniona nimebeba mtoto. Mbona uliondoka?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Hata sisi tuliogopa," akasema.